Nimepata kilo hasi za mashudu: nani amekosea?

*"Mwalimu, hujambo. Nina ng'ombe watano wa maziwa hapa Njoro na nataka kuchanganya chakula chao mwenyewe badala ya kununua gunia la agroveti kila wiki. Nina pumba za mahindi zenye protini asilimia 10 na nishati megajuli 12 kwa kilo, mashudu ya alizeti yenye protini 26 na nishati 10, na mashudu ya pamba yenye protini 36 na nishati 11. Nataka kilo 100 zenye protini asilimia 16 na nishati 11.8. Niliandika milinganyo mitatu, nikatatua kwa kuingiza mmoja ndani ya mwingine, na alizeti ikatoka hasi 2.2. Nikajua nimekosea alama, nikaifuta, nikaendelea. Sasa kilo zinajumlika 104 na wala si 100. Binti yangu wa kidato cha tatu amerudia kwa matriki, akapata hasi ileile. Anasema hesabu ni sawa. Mimi nasema kilo hasi hakuna. Nani amekosea, na ni njia gani ya kutatua milinganyo hii isiyoleta hasi?"*

Ndugu yangu, binti yako hajakosea, nawe hukuwa umekosea mpaka pale ulipofuta alama ya hasi. Uko sahihi pia kwamba kilo hasi za mashudu hakuna. Mambo hayo mawili hayapingani. Milinganyo imekujibu kwamba mchanganyiko uliouomba hauwezi kupatikana kwa vyakula hivyo vitatu, na haina lugha nyingine ya kusema hivyo isipokuwa kuweka alama ya kutoa mbele ya namba.

Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya swali lako niijibu mapema: njia isiyoleta hasi haipo. Kuingiza, kuondoa, grafu, matriki, vyote vikifanywa bila kosa huishia kwenye jibu lilelile. Njia hutofautiana kwa wingi wa kazi na kwa wepesi wa kukosea. Jibu hukaa ndani ya milinganyo yenyewe tangu ulipoiandika.

Tuiandike basi. Pumba ziwe p, alizeti iwe a, pamba iwe b, zote kwa kilo.

p + a + b = 100
10p + 26a + 36b = 1600
12p + 10a + 11b = 1180

Wa kwanza unahesabu uzito, wa pili protini, wa tatu nishati. Angalia upande wa kulia: ni 1600 na 1180, yaani 16 na 11.8 zikizidishwa kwa kilo 100. Wengi huandika 16 peke yake pale, na hesabu nzima inaharibika kabla hata haijaanza. Wewe uliandika vizuri, kwa sababu vinginevyo 104 yako ingekuwa namba nyingine kabisa.

Mimi ningetumia njia ya kuondoa. Zidisha mlinganyo wa kwanza kwa 10 upate 10p + 10a + 10b = 1000, kisha uutoe kwenye wa pili. Pumba zinapotea na kubaki 16a + 26b = 600. Sasa zidisha wa kwanza kwa 12, upate 1200 upande wa kulia, na safari hii utoe wa tatu kutoka kwake, ili usibebe alama za kutoa bila sababu. Unabaki na 2a + b = 20. Milinganyo mitatu imekuwa miwili, na herufi tatu zimekuwa mbili.

Kutoka wa pili, b = 20 − 2a. Iweke kwenye wa kwanza: 16a + 520 − 52a = 600, yaani −36a = 80, na a = −2.22. Hivyo b = 24.44 na p = 77.78. Zijumlishe ukiacha hasi mahali pake: 77.78 − 2.22 + 24.44 ni 100 kamili. Ukifuta hasi, ni 104.44. Ile 104 yako haikutoka kwingine. Ndiyo maana nasisitiza jibu lirudishwe kwenye milinganyo yote mitatu. Kuirudisha kwenye mmoja tu hakutoshi, na kwenye ule uliotumia mwisho ndiyo haisaidii kabisa, kwa sababu huo utakubali karibu kila kitu.

Sasa kwa nini hasi? Weka herufi kando, tufikirie gunia. Chukua kilo 100 za pumba tupu: nishati ni megajuli 1200 na protini ni kilo 10. Unataka protini kilo 16, kwa hiyo unapungukiwa na kilo 6. Kila kilo ya pumba unayoiondoa na kuweka ya pamba inaongeza protini kilo 0.26 na kupunguza nishati megajuli 1. Ukiweka ya alizeti badala yake, protini inaongezeka kilo 0.16 na nishati inapungua megajuli 2. Pamba ndiyo yenye hasara ndogo. Ukitumia pamba peke yake, kilo 6 gawanya kwa 0.26 ni kilo 23.08, na umepoteza megajuli 23.08. Lakini ulipotaka nishati 11.8 ulijiruhusu kupoteza megajuli 20 tu. Tayari umevuka, na bado hujagusa alizeti. Hesabu inatafuta mahali pa kurudisha megajuli 3, na mahali pekee inapopaona ni kutoa alizeti ambayo haimo guniani. Hiyo ndiyo hasi 2.22.

Kwa hiyo kwa protini 16, nishati ya juu kabisa unayoweza kupata ni 11.77, pumba na pamba zikiwa peke yake. Ya chini kabisa ni 11.25, pumba na alizeti zikiwa peke yake: alizeti kilo 37.5, nishati iliyopotea 75. Omba namba yoyote kati ya hizo na utapata kilo halisi. Ukiomba 11.7, mlinganyo wa pili unakuwa 2a + b = 30, na majibu ni pumba 75, alizeti 5, pamba 20. Thibitisha: 750 + 130 + 720 ni 1600, na 900 + 50 + 220 ni 1170. Yote yanakubali.

Binti yako anaweza kuichora kwa karatasi ya grafu, na ningependa aichore. Protini iende kwenye mhimili wa chini, nishati kwenye mhimili wa kusimama. Pumba ni nukta (10, 12), alizeti ni (26, 10), pamba ni (36, 11). Ziunganishe upate pembetatu. Mchanganyiko wowote wa vyakula hivi vitatu, kwa kiasi chochote kile, huangukia ndani ya pembetatu hiyo au kwenye kingo zake. Nukta (16, 11.7) imo ndani, karibu na ukingo unaounganisha pumba na pamba. Nukta (16, 11.8) imechungulia nje ya ukingo huo. Herufi inayotoka hasi ni ya kile chakula kilicho upande wa pili wa ukingo uliovukwa, hapa alizeti. Ukishaizoea picha hii utajua kama jibu litakuwa na hasi kabla hujashika kalamu ya hesabu.

Kuhusu njia. Kuingiza ni kuzuri kwa herufi mbili, hasa pale moja ya herufi inaposimama bila namba mbele yake, kama b katika 2a + b = 20. Kwa herufi tatu huanza kuleta sehemu na mabano mengi, na mabano ndipo alama zinapopotelea. Kuondoa ndiyo njia ninayomshauri mtu aijue kama anavyojua kufunga kamba za viatu, kwa sababu hatua zake ni zilezile kwa herufi tatu au thelathini. Wachina waliitumia kwenye hesabu za mavuno ya nafaka karibu miaka 2000 iliyopita, ingawa leo inaitwa kwa jina la Mjerumani Carl Friedrich Gauss, aliyezaliwa mwaka 1777. Kompyuta nazo hutumia njia hiyohiyo, na nyongeza moja: kabla ya kugawa, hupanga upya milinganyo ili igawe kwa namba kubwa kuliko zote zilizo kwenye safu, isigawe kwa namba ndogo inayokuza makosa.

Matriki ya binti yako, yaani kupanga namba za milinganyo kwenye jedwali, ni njia halali. Shuleni hufundishwa kinyume cha matriki ya mbili kwa mbili tu, kwa hiyo bila shaka alianza kwa kuondoa pumba kama nilivyofanya, akabaki na 16, 26 juu na 2, 1 chini. Ditaminanti yake, yaani namba inayopatikana kwa kuzidisha kimshazari na kutoa, ni 16 × 1 − 26 × 2 = −36. Umeiona ile 36 niliyogawa nayo hapo juu? Ni hiyohiyo. Kila njia ukiichunguza utaikuta inagawa kwa namba hiyo mahali fulani, na kwenye mchoro wa binti yako ukubwa wake ni eneo la pembetatu mara mbili: eneo ni 18. Kuna pia kanuni ya Gabriel Cramer ya mwaka 1750, inayopata kila herufi kwa kugawanya ditaminanti mbili. Kwa herufi mbili ni safi na ya haraka. Kwa herufi kumi, ukizipanua ditaminanti kwa mkono, kila moja ina vipande 3,628,800. Sitaki uiguse.

Hapa ndipo penye jambo ninaloliona kubwa kuliko suala la hasi, kwa sababu hasi angalau hujitangaza. Tuseme umeishiwa na alizeti, ukapata mashudu mengine yenye protini 26 lakini nishati 11.4. Ukichora, nukta tatu karibu zinalala kwenye mstari mmoja. Pembetatu imekuwa nyembamba kama uzi, na ditaminanti imeshuka kutoka 36 hadi 0.4. Omba protini 16 na nishati 11.77. Milinganyo miwili inayobaki ni 16a + 26b = 600 na 0.6a + b = 23, na jibu sahihi ni a = 5, b = 20, p = 75. Vizuri. Sasa punguza nishati kidogo tu, iwe 11.76. Jibu linaruka: a = −60, b = 60, p = 100. Tofauti ya 0.01, ambayo hakuna mizani wala maabara itakayokuhakikishia, imehamisha kilo 65 za chakula kimoja.

Kukadiria katikati ya kazi kunaleta balaa lilelile. Mtu anayetumia kuingiza hugawa mlinganyo wa kwanza kwa 16 na kupata a = 37.5 − 1.625b. Akiona 1.625 ni ndefu akaandika 1.6, kwenye mchanganyiko wa alizeti wa nishati 11.7 atapata pamba 20.45 badala ya 20. Hakuna ng'ombe atakayejua. Kwenye huu wa pembetatu nyembamba, 1.6 hiyohiyo inampa a = 17.5 na b = 12.5 badala ya 5 na 20. Usikadirie mpaka mstari wa mwisho. Acha sehemu zikae kama sehemu, au uhifadhi namba nzima kwenye kikokotoo.

Lakini angalia kitu kingine. Chukua hilo jibu lililokosewa, pumba 70, mashudu 17.5, pamba 12.5, ulirudishe kwenye milinganyo: uzito 100, nishati 1177, protini 1605. Karibu kamili! Jibu lililo mbali na lile sahihi limefaulu mtihani wa kuthibitisha. Kwa mwanafunzi hili ni onyo kwamba kukaribia upande wa kulia si ushahidi wa kukaribia jibu. Kwako wewe mfugaji ni habari njema: pembetatu ikiwa nyembamba, vyakula vyako vinabadilishana nafasi bila ng'ombe kuona tofauti kubwa, na hapo bei ndiyo iamue. Ikiwa nukta zimelala kwenye mstari mmoja kabisa, ditaminanti ni sifuri, na utaishia na 0 = 0 au kitu kama 0 = 5. Ya kwanza inasema michanganyiko inayofaa haina idadi, ya pili inasema hakuna hata mmoja. Yote mawili ni majibu kamili, na usirudie hesabu ukidhani umekosea.

Na kusema kweli, hata swali lako lenyewe limebana kuliko inavyohitajika. Ng'ombe hahitaji nishati 11.8 kamili. Anahitaji isipungue kiwango fulani, na protini isipungue 16. Ukibadilisha alama za sawa na ziwe "isipungue", kisha ukatafuta mchanganyiko wa gharama ndogo, umeingia kwenye hesabu ambayo George Stigler aliijaribu kwa lishe ya binadamu mwaka 1945, na ambayo George Dantzig aliitungia njia kamili mwaka 1947. Binti yako ataikuta kidato cha nne kwa herufi mbili. Kwa tatu, chukua michanganyiko minne au mitano kati ya 11.25 na 11.77, tatua kila mmoja, zidisha kilo kwa bei ya siku hiyo, ulinganishe. Pande za kushoto za milinganyo miwili inayobaki hazibadiliki, ni namba za kulia tu, kwa hiyo ni kazi ya dakika chache.

Usisahau madini na chumvi. Ukitenga kilo 3 za madini ndani ya 100, mlinganyo wa kwanza unakuwa p + a + b = 97, lakini 1600 inabaki 1600 kwa sababu ng'ombe anakula gunia zima. Madini hayana nishati, kwa hiyo kiwango chako cha juu kinashuka kutoka 11.77 hadi 11.40 hivi. Ukiendelea kudai 11.7 utarudi kwenye hasi, na utadhani tena umekosea alama.

Namba zako tatu za mwanzo nazo umezitoa wapi? Kama ni kwenye jedwali la kitabu au la mtandaoni, hakikisha zote zimehesabiwa kwa msingi mmoja. Majedwali mengi hutoa protini na nishati za chakula kikavu kabisa, bila maji, ilhali mengine hutoa za chakula kama kilivyo guniani. Ukichanganya misingi miwili, milinganyo haitakulalamikia. Itakupa jibu safi la gunia lisilokuwepo. Na kupima kuwe kwa mizani. Gorogoro hupima ujazo, na gorogoro ya pumba ni nyepesi mno kuliko ya mahindi, kwa hiyo "gorogoro 75 kwa 5 kwa 20" si mchanganyiko tulioutatua.

Pumba hasa ndizo za kuogopa. Za kinu kimoja na za kingine hapo Nakuru zinaweza kutofautiana sana kwa protini, kutegemea mahindi yamekobolewa vipi na ni kiasi gani cha kiini kimebaki. Zikiwa robo tatu ya gunia lako, kosa la asilimia 2 kwenye pumba ni asilimia 1.5 kwenye gunia zima. Hapo hesabu yoyote haiwezi kukusaidia, ila maabara. Uko Njoro, jirani na Chuo Kikuu cha Egerton, chenye wataalamu wa lishe ya mifugo, na Naivasha kuna taasisi ya utafiti wa ng'ombe wa maziwa chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya. Uliza wanapima nini na kwa malipo gani. Chota kidogo kutoka magunia kadhaa, juu, katikati na chini, uchanganye, na uweke kila chakula kwenye mfuko wake wenye jina na tarehe.

Kabla ya kuwalisha, mwone afisa wa mifugo wa wadi yako na karatasi ya hesabu mkononi. Kuna mambo ambayo milinganyo hii mitatu haiyaoni kabisa. Pumba na mashudu yaliyolowa huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa. Mashudu ya pamba yana gosipoli, sumu ya asili ya pamba, ambayo ng'ombe mkubwa huistahimili kwa kiasi lakini ndama hawaiwezi, kwa hiyo gunia hili lisiwafikie ndama. Na ng'ombe wasihamishwe kwa siku moja: changanya chakula kipya na cha zamani, ukiongeza kipya kidogo kidogo kwa muda wa siku kumi hadi wiki mbili, huku ukiandika maziwa ya kila ng'ombe asubuhi na jioni. Yakishuka na yasirudi, au mmoja akiacha kucheua, simamisha chakula kipya umpigie daktari wa mifugo siku hiyohiyo.